"Hapo" ya dereva na "hapo" ya Mama Viazi

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi huuza viazi soko la Kibuye, na mzigo wangu hutoka Molo. Jumatatu nilimpigia simu dereva, tukaongea mengi, nikamwambia Kibuye kuna msongamano, afadhali Kondele. Jumanne usiku, saa sita kasoro dakika tano, akaniandikia: "Mzigo utafika hapo kesho saa mbili." Nilikuwa nimelala. Niliusoma ujumbe Jumatano kulipokucha, nikajua basi ni Alhamisi, tena hapa kibandani kwangu. Baadaye simu ikaisha chaji. Kumbe Jumatano hiyo hiyo asubuhi alishusha magunia matatu Kondele, akamwachia kijana wa boda. Mvua ikanyesha, gunia moja likalowa chepechepe. Dereva anasema alinieleza waziwazi. Binti yangu wa sekondari anasema "hapo" ni mahali alipo msikilizaji, kwa hivyo dereva hajui Kiswahili. Nani mkosa?
Mama Viazi, Kibuye

JIBU: Mama Viazi, pole kwa gunia. Binti yako amesoma vizuri, ila ameishia nusu ya ukurasa.

Darasani tunafundisha hivi: hapa ni kwangu ninayesema, hapo ni kwako unayesikia, pale ni mbali nasi sote. Kiingereza kina ngazi mbili tu, na ndiyo maana wanafunzi wanaokizoea mno hutupa "hapo" na "pale" ovyo kama maganda. Wewe wa Kisumu huna kisingizio hicho, kwa kuwa Kijaluo nacho kina ngazi tatu: ka, kanyo, kucha. (Nilipohamishiwa huko kufundisha, mzee mmoja niliyemuuliza njia alinyosha mkono akasema "kucha", nami nikatazama vidole vyangu.)

Sasa nusu ya pili. "Hapo" hurejelea pia mahali palipokwisha kutajwa. Ukiniambia, "Nilishuka Ahero, hapo nikanunua mchele," mimi siko Ahero. Niko Nakuru nimekaa kwenye kiti changu, na bado Kiswahili chako hakina doa. Dereva alikuwa na Kondele yenu ya Jumatatu kichwani. Kwake mazungumzo yalikuwa yanaendelea, kwako yalikwisha ulipokata simu. Kwa hiyo "hapo" yake ilirudi nyuma kwenye maneno, yako ikasimama ulipo wewe. Zote mbili ni halali. Mngekuwa mmesimama pamoja, angeonyesha kwa kidevu, na gunia lingekuwa kavu.

Hata "yule" si umbali tu. Mke wangu akiniambia jioni, "Yule amepiga simu," hanielezi mtu aliye mbali. Ni mwenye nyumba, na kodi imefika. "Yule" hapo ni yule tunayemjua mimi na yeye. Mgeni akisikia hapati kitu.

Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Karl Bühler, aliyaandika mambo haya mwaka 1934. Alisema maneno ya namna hii yote hupimwa kutoka sehemu moja: mimi, hapa, sasa. Mimi huwaambia wanafunzi ni mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Ukijua kigingi kiko wapi, unajua mbuzi anakula wapi. Ujumbe wa simu hukufikishia mbuzi na kamba, kigingi kikabaki kwa aliyeandika.

"Kesho" ndiyo iliyokuponza zaidi, na hapa namtetea dereva. Neno hilo lina undugu na kukesha, na kukesha ni kukaa macho mpaka kuche. Yeye alikuwa macho, anapakia Molo, usiku wa kuamkia Jumatano. Kesho yake ilikuwa ng'ambo tu ya usiku ule. Wewe ulikuwa umelala. Ulipoamka, kulikuwa kumekucha, na kesho ya dereva ilikwisha kuwa leo mikononi mwako, lakini ukaisoma kana kwamba imeandikwa dakika hiyo. Ujumbe unao saa yake juu; ungeitazama. Hilo nakulaumu kidogo, dada yangu.

Na yeye nina lawama naye. Mtu anayeacha magunia matatu kwa kijana wa boda wakati mawingu yametanda hawezi kujificha nyuma ya kiashiria kama "hapo". Tena "saa mbili" bila kusema asubuhi au usiku! Wakati mwingine mwambie aandike "Kondele, Jumatano, saa mbili asubuhi." Ni maneno matano tu.

Ukiniuliza kuhusu pesa, gawaneni hasara ya gunia lile. Angalia, nami sasa nasema "lile", kwa kuwa mimi nawe tunalijua. Ningekushauri pia uvimwage viazi vyake leo juani vikauke, lakini leo ninayoandika mimi, na mvua ya Nakuru inagonga mabati, siyo leo utakayonisoma wewe. Wakati huo nadhani vitakuwa vimeshaota.