Maswali na Majibu: Joto na Mvua za Juni katika Mashamba ya Mahindi ya Marekani

Barua za safari hii zimetoka pande mbili: kwa ndugu zetu waliohamia jimbo la Iowa, ambao baadhi yao walilima Kivu au Burundi kabla ya kuvuka bahari, na kwa wasomaji wa Kenya na Tanzania wanaofuatilia mavuno ya Marekani. Kabla ya kujibu, naomba jambo moja lieleweke. Majira ya joto ya huko si kiangazi kama tunavyokijua sisi, kwa maana katika Iowa na majimbo jirani Mei na Juni ni miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi kuliko yote, na joto na maji huja pamoja. Ndiyo maana wiki chache zisizo na mvua mwezi Juni huzua hofu kubwa, na mara nyingi hofu hiyo huja mapema mno.

Nimekodi kipande cha shamba nje ya Des Moines na nikapanda mahindi mwanzoni mwa Mei. Sasa ni wiki ya tatu ya Juni, mvua haijanyesha kwa siku 12, na kila adhuhuri majani yanajikunja kama mkeka. Je, niyahesabu yamekufa?

Usiyahesabu yamekufa. Jani linapojikunja hupunguza eneo linalopigwa na jua, na kwa njia hiyo mmea hubana maji yake mpaka jua lipoe. Cha kuangalia ni saa. Ukipita shambani alfajiri ukakuta majani yamekunjuka na kusimama vizuri, ujue mizizi imepata maji ya kutosha usiku kucha. Lakini ukiyakuta yamekwisha kujikunja saa tatu asubuhi, na hali hiyo ikajirudia siku kadhaa mfululizo, hapo mmea umeanza kuumia.

Mahindi ya kimo cha goti hutumia maji kidogo, takriban milimita 2 hadi 3 kwa siku, ilhali yanapochanua hutumia 7 au 8. Udongo mzito na mweusi wa Iowa unaweza kuhifadhi karibu milimita 250 za maji yanayofikiwa na mmea katika kina cha mita moja na nusu, na kama majira ya kuchipua yalikuwa na mvua nzuri, akiba hiyo bado ipo chini ya miguu yako. Juni yenye ukavu wa kiasi huilazimisha mizizi ishuke kuifuata, na mimi huifurahia Juni ya namna hiyo kuliko Juni ya matope. Chukua koleo, chimba kina cha mkono mpaka kiwiko, ukande udongo kiganjani: ukishikamana kama donge, tulia. Ukimwagika kama vumbi, au kama shamba lako ni la kichanga, maneno haya yasikufariji, kwa sababu idadi ya mistari ya punje katika gunzi huamuliwa wakati mmea una majani machache tu, na njaa ya maji ya wakati huo hairudishwi na mvua za baadaye.

Palilia sasa hivi. Ikiwa una maji ya bomba, mwagilia kwa wingi mara moja kwa wiki badala ya kunyunyiza kila jioni, kwani maji ya juu juu huifundisha mizizi kukaa juu.

Ninafanya biashara ya nafaka hapa Mbeya na husoma taarifa za Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mwishoni mwa Juni 2023 walisema nusu tu ya mahindi yao yalikuwa na hali nzuri, kisha wakavuna kupita miaka yote iliyotangulia. Takwimu hizi zina maana gani basi?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike safu hii. Taarifa hiyo hutolewa karibu kila Jumatatu alasiri, kuanzia Aprili hadi Novemba. Watu walioko wilayani, wengi wao wakiwa maofisa ugani au wafanyakazi wa serikali wanaozunguka mashambani, hugawa mazao katika madaraja matano: mabaya sana, mabaya, ya wastani, mazuri na mazuri sana. Asilimia inayotajwa na wanahabari ni jumla ya madaraja mawili ya mwisho. Ni makadirio ya jicho, na ni makadirio ya uaminifu, lakini jicho huona kilicho juu ya ardhi siku hiyo tu.

Linganisha miaka miwili. Katikati ya Mei 2012 asilimia 77 ya mahindi ilikuwa katika hali nzuri au nzuri sana, na wiki ya mwisho ya Juni yalibaki asilimia 56. Mwaka 2023, wiki hiyo hiyo, yalikuwa asilimia 50, kiwango cha chini kabisa kwa wakati huo wa mwaka tangu ukame wa 1988. Anayesoma Juni peke yake angesema 2023 ndio mwaka mbaya zaidi. Hata hivyo, mavuno ya 2012 yaliishia busheli 123 kwa ekari, sawa na magunia 31 hivi ya kilo 100, wakati wizara ilikuwa imetarajia 166, yaani magunia 42. Na yale ya 2023 yalifika busheli 177, sawa na magunia 45, ambayo ilikuwa rekodi ya wakati huo.

Tofauti ililetwa na hatua ya ukuaji. Mwaka 2012 Machi ilikuwa na joto lisilo la kawaida, wakulima wakapanda mapema, na uchanuaji ukaangukia kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai, wakati ule ule ambapo mvua zilikatika na Julai ikawa mmoja wa miezi yenye joto kali zaidi kuwahi kupimwa katika majimbo 48 ya bara tangu 1895. Kila punje inayotarajiwa ina uzi wake mmoja wa ndevu, na uzi huo ni lazima utokeze na kupata chavua. Mmea wenye kiu huchelewesha ndevu, lakini mbelewele haingoji. Inamwaga chavua yake kwa siku chache na kumaliza. Joto linapozidi nyuzi 35 za Selsiasi pamoja na ukavu, ndevu hukauka na chavua hufa upesi. Matokeo yake ni magunzi yenye mapengo, na hakuna mvua ya Agosti inayoweza kuyajaza. Mwaka 2023 ukavu wa Juni uliyakuta mahindi yakiwa bado yanajenga majani na mizizi, na mvua zikarejea kabla hayajachanua na baada ya hapo.

Kwa hiyo nakushauri, ndugu yangu, usisome asilimia ya hali peke yake. Taarifa hiyo hiyo ina safu inayoonyesha ni kiasi gani cha mahindi kimetoa ndevu. Isome kwanza hiyo, kisha utazame utabiri wa siku kumi zinazofuata.

Sisi huku Cedar Rapids, Iowa, tuna shida tofauti: mvua haikatiki. Mahindi yaliyoko bondeni yamesimama ndani ya maji siku mbili, na yale ya mwinuko yamekuwa ya manjano. Tufanye nini?

Pole sana. Mmea wenye majani chini ya sita ungali na kichipukizi chake ardhini, na maji yakiufunika kwa zaidi ya siku mbili wakati hewa ina joto la nyuzi 25 au zaidi, huwa umekosa hewa na hufa. Kukiwa na ubaridi huweza kuvumilia hadi siku nne. Maji yakipungua, subiri siku tatu hadi tano, kisha upasue shina kwa kisu: kichipukizi cheupe na kigumu ni hai, cha kahawia kilicholainika kimeoza.

Manjano ya mwinukoni kwa kawaida ni njaa ya nitrojeni. Sehemu ya mbolea imeoshwa na kushuka chini, na nyingine imegeuzwa kuwa gesi na bakteria wanaoishi kwenye udongo uliojaa maji, hasa ukiwa na joto. Mbolea ya kukuzia iliyowekwa mara tu ardhi inapokanyagika inaweza kuokoa sehemu kubwa ya mavuno. Lakini ubaya mkubwa zaidi hauonekani sasa: mizizi iliyolelewa katika maji haishuki, na shamba la namna hiyo ndilo la kwanza kunyauka mvua zikikatika Julai. Wakati mwingine mvua huzuia hata kupanda, kama mwaka 2019, ambapo zaidi ya ekari milioni 19 nchini Marekani hazikupandwa, milioni 11 kati ya hizo zikiwa zimekusudiwa mahindi.

Je, soya nazo huathirika vivyo hivyo?

Huathirika, lakini si sana kama mahindi. Soya huchanua kwa wiki nyingi, hivyo maua yakipukutika kwa joto leo, mengine hufuata. Mwezi wake wa hukumu ni Agosti, maganda yanapojaa.

Nafanya kazi katika kinu cha unga Nairobi. Nimesikia mvua nzuri imenyesha Kansas mwezi Juni. Je, ngano itakuwa bora?

La, huenda ikawa kinyume chake. Ngano ya Kansas hupandwa kabla ya majira ya baridi, hujaza punje mwezi Mei, na huanza kuvunwa Juni. Mvua iliyoihitaji ni ya Aprili na Mei. Inayoipata ikiwa imekauka shambani huipunguzia uzito, na ikiendelea siku nyingi punje huanza kuchipua kwenye suke, na unga wake hutoa kinyunga kinachonata.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kilimo Morogoro. Tunafundishwa kuhusu joto la mchana, lakini joto la usiku lina athari gani?

Marahaba. Mahindi hukua kwa kasi joto linapopanda kutoka nyuzi 10 hadi 30. Mwezi Juni, usiku wenye joto huharakisha tu mmea kufika kwenye uchanuaji. Wakati wa kujaza punje, usiku huo huo huwa mwizi: mmea huteketeza sukari uliyoitengeneza mchana, na siku za kujaza hupungua. Mwaka 2010 mashamba ya Marekani yalionekana mazuri mpaka Agosti, wizara ikakadiria busheli 165 kwa ekari, lakini baada ya usiku nyingi za joto yakapatikana 153 tu.

Mfano wake unao karibu. Mbegu inayokaa shambani muda mrefu katika baridi ya Njombe na kutoa magunzi mazito hukomaa upesi zaidi kwenye tambarare za Morogoro. Pima joto la chini kabisa la kila usiku, na uhesabu siku tangu ndevu zitokeze hadi doa jeusi, ambalo ni dalili ya kukomaa, lionekane kwenye kitako cha punje.