Uliza Ujibiwe: Flava za vepu, nichanganye zote kwa mkupuo?

SWALI: Mambo vipi kaka, mi nafuatilia safu yako kitambo. Niliacha fegi nikahamia vepu, yani sigara ya umeme, bei ya juisi zake za dukani, yale maji ya kuvuta, ikanishinda nikaanza kujitengenezea mwenyewe geto. Sasa kila nikitaka chupa ya mililita (mil) 30 natoa vichupa vinne vya flava, nakaa nahesabu matone, na kila chupa inatoka kivyake, ya wiki iliyopita ilikuwa poa, ya juzi ina ubaridi mpaka machozi yananitoka. Resipi ni ileile, embe asilimia 6, nanasi 2, krimu 1.5 na ile ya baridi 0.5. Je naweza kuchanganya flava zote mara moja nikaziweka kwenye chupa moja halafu nikawa nachota tu? – Mvivu wa kuhesabu, Tabata

JIBU: Unaweza, tena we ndo mtu wa kufanya hivyo kabisa. Hebu angalia hiyo baridi yako, nusu asilimia ya mil 30 ni mil 0.15, na tone moja kwa vichupa vingi ni kama mil 0.05, yani unazungumzia matone matatu tu. Mkono ukicheza likadondoka la nne, ushaongeza theluthi nzima, ndo hayo machozi.

Sasa hesabu yenyewe. Jumla ya flava zako ni asilimia 10, kwahiyo kwenye chupa ya mil 100 unaweka embe mil 60, nanasi 20, krimu 15, baridi 5, basi. Hapo tone moja likizidi kwenye mil 5 wala hutolisikia. Siku ukitaka juisi ya mil 30 unachota mil 3 za mchanganyiko wako, unatia gliserini mil 21 kama unapenda ile ya 70 kwa 30, yani gliserini asilimia 70, halafu nikotini yako, na kinachobaki ni PG, yani propilini glaikoli. Kama nikotini ni ya miligramu 100 kwa mil na unataka juisi ya miligramu 3 kwa mil, unahitaji mil 0.9, kwahiyo PG inakuwa 5.1. Vaa glavzi, nikotini ya nguvu hiyo inapita kwenye ngozi.

Sema usikimbilie mil 100 siku ya kwanza. Hii kitu ni kama bizari ya pilau ya kusaga nyumbani, mama akishachanganya iliki na karafuu na mdalasini kwenye mkebe mmoja, iliki ikizidi hakuna wa kuitoa, mtakula pilau la iliki mpaka mkebe uishe. Mi yamenikuta, nilichanganya chupa nzima ya stroberi na vanila kwa resipi niliyoijaribu mara moja tu tena nikiwa na mafua, nilipopona ndo nikagundua inanuka kama sabuni ya mtoto. Kwahiyo anza na mil 10, yani 6, 2, 1.5 na 0.5, pima kwa bomba la sindano la mil 1 lisilo na sindano, tumia kama wiki mbili, ukiona bado unaipenda ndo ujaze kubwa. Ukipata mizani midogo ya kusoma gramu 0.01, kama zile za kupimia dhahabu, achana na mabomba kabisa, ila kumbuka gliserini ni nzito, mil 1 ni kama gramu 1.26, wakati PG ni kama 1.04.

Nikotini usiitie kwenye huo mchanganyiko wa flava hata kama unaona utaokoa muda. Ukishaitia huwezi tena kubadilisha ukali bila kubadilisha ladha, na pia ikikaa inapigwa na hewa inageuka rangi ya chai ya rangi. Ile dawa ya kuongezea utamu nayo iache nje, ndo inayoacha masizi kwenye koili, ule waya unaochemsha juisi. Tikisa chupa kila ukitaka kuchota. Na usidhani flava zikishakaa pamoja basi juisi haihitaji kuiva, ya matunda unaweza kuvuta siku hiyohiyo lakini krimu inataka siku kadhaa ndani ya gliserini ndo ikae sawa.

SWALI: Kaka, mama mdogo anapika keki za oda, ana arki za kila aina kutoka Kariakoo, vanila, ndizi, siagi, zina harufu kuliko hata hizo flava za bei mbaya. Siwezi kuzitumia? Si zinaliwa? – Mbagala

JIBU: Hapana bana. Kinacholika hakivutiki, tumbo na pafu ni vitu viwili tofauti. Arki nyingi za keki zina mafuta au sukari au rangi, na mafuta yakiingia kwenye mapafu hayana pa kutokea. Marekani mwaka 2019 watu wengi walilazwa, na mpaka Februari 2020 walishakufa 68, mshukiwa mkuu akiwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa hasa kwenye vepu za bangi. Na hiyo ya siagi ndo usiiguse kabisa, ladha yake mara nyingi inatokana na kitu kinaitwa daisetili, wafanyakazi wa kiwanda cha bisi kule Missouri waliharibika mapafu kwa kuvuta mvuke wake, Uingereza wameshaipiga marufuku kwenye juisi za vepu. Mwachie mama mdogo arki zake, omba keki.

SWALI: Habari kaka. Mume wangu anaweka vichupa vyake vya vepu kwenye friji, pembeni ya juisi ya mtoto. Anasema joto la Dar linaviharibu. Ni kweli au ananizuga? Mtoto ana miaka mitatu. – Mama J, Kinondoni

JIBU: Dada, hajakuzuga, joto na mwanga vinaharibu kweli, hasa nikotini. Ila pale alipoviweka sipo naye hata kidogo. Mil chache za nikotini kali zinaweza kumuua mtoto, na kile kichupa kinanukia embe, mtoto wa miaka mitatu atajuaje? Flava tupu hazihitaji friji, chupa ya kioo cheusi ndani ya kabati lenye giza inatosha, tena plastiki nyepesi aiepuke kwa flava za limao na chungwa maana zinaitafuna. Nikotini ndo ikae baridi, kwenye boksi lenye kufuli, imeandikwa SUMU kwa maka peni, na funguo ukae nao wewe. Akileta ubishi mwambie aje aniandikie mimi.