Barua kwa mwanangu: kengele za Waingereza

Mwanangu Neema,

Sote hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama ni kweli alivyokwambia mwenzako wa zamu ya usiku hapo Oxford, kwamba Waingereza husema "saved by the bell", yaani kuokolewa na kengele, kwa sababu zamani maiti alifungwa kamba kidoleni, na kamba ikaunganishwa na kengele juu ya kaburi ili akizinduka aivute.

Si kweli, ingawa majeneza ya aina hiyo yalikuwako. Mwaka 1868 Franz Vester wa Newark, Marekani, alipata hataza ya jeneza lenye kengele na ngazi ya kupandia. Watu waliogopa mno kuzikwa hai. Lakini msemo umetoka kwenye ndondi. Hebu fikiri: kwa sheria za zamani, raundi iliisha pale mtu alipoanguka, sasa kengele ingemwokoaje? Ilibidi kwanza zije kanuni za Queensberry, 1867, zilizoweka raundi ya dakika tatu na kumpa aliyeanguka sekunde kumi za kuinuka. Ndipo bondia akaweza kuwa chini, refa anahesabu saba, nane, mara kengele inalia, raundi imekwisha, naye anasaidiwa hadi kwenye kona yake apate kupumua.

Neno ninalolipenda mimi ni "curfew". Sisi tumelifanya kafyu, na mwaka 2020 tuliishi nalo wakati wa korona. Asili yake ni Kifaransa cha kale, "funika moto". Nyumba nyingi za miji ya Ulaya zilikuwa za mbao na mapaa ya nyasi. Cheche moja ingeteketeza mtaa mzima. Basi kengele ya jioni ikilia, mwenye nyumba alikusanya makaa, akayafunika kwa majivu au kwa kifuniko cha chuma, yakakaa hai hadi alfajiri. Nyanya yako alifukia makaa vivyo hivyo kila usiku, na asubuhi alichokora majivu tu, akapuliza, chai ikawekwa. Kwa Waingereza moto ulisahaulika, ikabaki amri ya kutotoka nje.

Na wewe unaweza kuisikia kengele ya namna hiyo. Kila usiku saa tatu na dakika tano, Great Tom pale Christ Church hupigwa mara 101, kwa hesabu ya wanafunzi wa mwanzo wa chuo hicho. Ilikuwa ishara ya kufunga malango. Hizo dakika tano zina sababu yake: Oxford iko magharibi ya Greenwich, pale London inapohesabiwa saa ya Uingereza, na kwa jua la Oxford saa tatu hufika dakika tano baadaye. Kabla ya reli kulazimisha saa moja nchi nzima, kila mji ulifuata jua lake. Chuo hicho hakijaiacha saa yake ya zamani, nami naona wamefanya vizuri.

Mengine nitayapitia upesi. "Clock" limetokana na neno la Kilatini cha zama za kati lililomaanisha kengele, kwa kuwa saa nyingi za kwanza za minarani hazikuwa na mishale, zilipiga kengele tu. "Cloak", joho, lina mzizi huohuo kwa sababu ya umbo lake. "Bellwether" alikuwa kondoo dume aliyehasiwa, akavishwa kengele shingoni ili kundi limfuate. Siku hizi ni jimbo ambalo kura zake huonyesha mapema nchi inaelekea wapi.

Ila "belfry", mnara wa kengele, usidanganywe nalo. Halikutoka kwenye "bell" hata kidogo. Lilikuwa jina la mnara wa mbao wenye magurudumu, uliosukumwa hadi ukutani mwa ngome ili askari wapande waingie. Waingereza walisikia kengele ndani ya neno hilo la kigeni, wakalibadilisha matamshi lifanane nayo.

Ukisikia jingine huko kazini, niandikie.

Baba yako