Jibu: Kuomba korti impeleke ndugu mwenye ulemavu wa akili kwenye kituo cha matunzo

Umeuliza kama korti inaweza kuamuru mdogo wako mwenye ulemavu wa akili akawekwe kwenye kituo cha matunzo, kwa kuwa mama yenu hayupo tena na majirani wameanza kumshtaki kwa chifu. Kabla hujaenda kuomba, sikia yaliyotupata sisi hapa Nakuru.

Kaka yangu ana miaka thelathini na kitu. Huosha pikipiki za watu wa boda huko Rhonda, hulipwa chai na mandazi. Siku moja aliona baiskeli imejaa matope nje ya duka, akaisukuma mpaka nyumbani akaiosha. Kufika jioni yuko seli kwa wizi. Kesho yake kortini akaulizwa kama ni kweli aliichukua. "Ndiyo, imetakata." Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Hakimu aliagiza apimwe na daktari. Alikaa rumande wiki tatu kungoja ripoti, nayo ikasema hawezi kufuata kesi. Hapo kiongozi wa mashtaka akaomba apelekwe hospitali ya akili "mpaka apate nafuu".

Neno hilo ndilo lililoniinua kitini. Mgonjwa wa akili hutibiwa akatulia, na daktari akaandika kwamba sasa anaweza kusimama kizimbani. Kaka yangu haugui, alizaliwa hivyo. Amri inayongoja apone haina siku ya kwisha. Angeweza kukaa huko kupita hata miaka 3, ambayo ndiyo adhabu ya juu kabisa ya wizi wa kawaida.

Nikamwambia hakimu hayo kwa Kiswahili changu cha sokoni. Akauliza swali moja tu: nani atamtunza? Baadaye ndipo nilielewa kwa nini. Kifungu cha 162 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinasema mtu wa hali hii anaweza kuachiliwa, mradi kuna dhamana ya kutosha kwamba atatunzwa na hatadhuru mtu. Dhamana ikikosekana ndipo anazuiliwa, na faili lake linapanda ngazi mpaka kwa Rais. Kwa ajili ya baiskeli! Mjomba akaweka hati ya shamba, chifu akaandika barua, tukarudi naye nyumbani. Mwenye baiskeli aliondoa malalamiko, na siku hizi humletea kaka aioshe.

Mdogo wako hajashtakiwa kortini kwa lolote, kwa hivyo usimpeleke kortini wewe mwenyewe. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na ibara ya 14 inasema ulemavu hauwi sababu ya kumnyima mtu uhuru.

Sikulaumu lakini. Mama yetu mwenyewe, wakati wa zile wiki tatu, alisema heri abaki huko huko angalau alale usingizi. Kama ni uchovu, kaeni kikao cha ukoo mgawane zamu, hata wale wanaotuma pesa tu.

Halafu mtafutie kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Ukipewa ripoti ya daktari, isome kabla ya kutoka: iandikwe ulemavu wa akili, isiandikwe ugonjwa. Nakala moja mpelekee chifu sasa hivi, akiwa bado hajachoshwa na majirani.