Nusu kaputi au sindano ya mgongo kwa jiwe la figo? Mimi nimepitia zote mbili

Mkuu, pole sana. Umesema jiwe lako lina milimita 13, liko ndani ya figo ya kushoto, linavunjwa kwa leza, na daktari wa usingizi amekuachia uchague nusu kaputi, yaani kulala usingizi kabisa, au sindano ya mgongo, yaani ganzi ya kiunoni kushuka chini ukiwa macho. Naona wengi hapo juu wanakwambia ukimbilie sindano kwa sababu "nusu kaputi watu hawaamki". Nivumilie nirefushe kidogo.

Mara ya kwanza, 2017, jiwe langu lilikuwa limeshashuka kwenye mrija wa kutoka figo, karibu kabisa na kibofu. Nikachomwa sindano. Unakaa kitandani umekumbatia mto, kidevu kifuani, mgongo umeupinda. Kinachouma ni kile kisindano cha kutia ngozi ganzi. Sindano yenyewe ya mgongo nilihisi kama mtu ananisukuma tu. Miguu ikapata moto, ikawa mizito, kisha haikuwa yangu tena. Nilikiamuru kidole gumba kijikunje, kikanitazama. Presha ilishuka nikataka kutapika, wakaweka dawa kwenye dripu ikatulia. Nilitetemeka hadi meno yakagongana, huku nawasikia wakibishana habari za Simba na Yanga.

Shida ilikuja kesho yake. Nikisimama, kichwa kinataka kupasuka, nikilala, kinaacha. Nikaambiwa ni yale maji ya uti wa mgongo yanavuja kwenye kitundu cha sindano. Siku nne hizo sizisahau. Si kila mtu yanampata, na sindano zikiwa nyembamba hupungua sana, lakini yakikupata usijikaze nyumbani, rudi hospitali.

2022 jiwe jingine, safari hii ndani ya figo kama lako. Nikaomba sindano tena, maana niliizoea. Daktari wa usingizi, mama mmoja mpole, akanikalisha: "Baba, figo inapanda na kushuka kila ukivuta pumzi. Mwenzangu analifukuzia jiwe kwa kamera nyembamba. Ukilala kabisa, mashine inakupumulia, mimi naipunguza pumzi, na hutakohoa." Akaongeza kwamba ganzi hukaa saa mbili tatu hivi, na hawakuwa na uhakika jiwe lingewachukua muda gani. Nikakubali. Nikahesabu moja, mbili, halafu nikasikia, "Amka, tumemaliza." Nikatapika mara moja, koo likanikwaruza siku mbili kwa ule mpira wa kupumulia. Basi.

Kwa hiyo kwa jiwe lako mimi ningelala. Lingekuwa chini karibu na kibofu, ningechomwa sindano bila kubishana, kichwa au si kichwa. Ila mwili wako nao una neno. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama wafarini, umewahi kupasuliwa mgongo, au una kidonda pale wanapochoma, sema mapema, sindano inaweza isifae. Na kama una pumu, unavuta sigara, unakoroma kupita kiasi au una mafua siku hiyo, sema pia, maana hayo yanagusa nusu kaputi. Usifiche hata bia.

Shemeji anaogopa utapooza? Mwambie wanachoma chini kiunoni, mahali ambapo ule uti wa neva unaopita ndani ya mifupa ya mgongo umeshaishia. Madhara ya kudumu ya neva yapo, ila ni nadra mno.

Halafu kufunga ni kulekule kwa zote mbili, chakula muda usiopungua saa 6. Jamaa wa kitanda cha jirani alidhani wa sindano wanaruhusiwa kula, akapiga chapati mbili na chai ya maziwa alfajiri. Wakamwahirisha.

Ila mkuu, kilichonitesa kuliko yote ni kile kimrija wanachokuachia ndani baada ya leza ili mkojo upite. Nilikaa nacho wiki mbili, kila nikienda haja ndogo nashika ukuta. Hicho hakuna aliyeniambia kabla. Ulizia kama utawekewa, na kitatolewa tarehe ngapi, uiandike kwenye simu. Kikisahaulika humo kinaota mawe mengine.