Gofu ya mlimani penye mabwawa: angalia umesimamaje kabla ya kuangalia maji

Mkuu uliyeko Kigoma, umeuliza hivi: umezoea viwanja tambarare vya Dar, sasa unapanda Kigali kucheza mashimo 18 kwenye uwanja wa gofu wa Nyarutarama, na unataka kujua ubebe mipira mingapi na kama draiva (fimbo ndefu ya pigo la kuanzia) uiache nyumbani. Mipira beba 12, draiva ibebe. Hayo ni madogo. Kwenye uwanja wa mlimani mpira mwingi unaoishia bwawani haukulengwa bwawani. Ulipigwa na mtu aliyesimama kwenye mteremko kana kwamba yuko sebuleni.

Naandika kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Mwenye shoto ageuze.

Mpira ukiwa juu kuliko miguu yako, utakwenda kushoto. Sababu ni kwamba uso wa fimbo umelala nyuma, na fimbo ikiinama kufuata mlima, uso ule unatazama kushoto hata kama umeulenga sawasawa. Kadiri fimbo inavyolala zaidi ndivyo inavyopotoka zaidi, kwa hiyo weji (fimbo fupi ya kunyanyua mpira juu) ndiyo mbaya kuliko zote. Shika chini kwenye mpini sentimita 2 au 3, simama wima kidogo, lenga kulia meta 5 hadi 10 kwa mteremko wa kawaida. Ukiona upande wa kushoto kuna maji, chukua chuma (fimbo ya kichwa cha chuma) kirefu zaidi upige nusu nguvu. Kinapotoka kidogo.

Mpira ukiwa chini ya miguu, unakwenda kulia. Hapa kosa si ulengaji, ni magoti. Watu wanainama kiunoni, halafu katikati ya pigo mwili unanyanyuka wenyewe, fimbo inakwangua kichwa cha mpira, nao unateleza chini kwa chini hadi majini. Tanua miguu, kunja magoti, shika mwisho wa mpini, na magoti yabaki yamekunjwa mpaka mpira uondoke. Piga robo tatu tu ya nguvu.

Ukipiga kupanda, weka mabega yafuate mteremko, mpira uusogeze kuelekea mguu wa mbele, chukua fimbo ndefu zaidi kwa namba moja au mbili (namba ikipungua, fimbo ni ndefu zaidi na inapeleka mbali zaidi). Mpira utapaa juu na kufa mapema.

Kupiga kushuka ndiko kugumu kuliko vyote. Mpira uwe karibu na mguu wa nyuma, mabega yafuate mteremko, na baada ya kugonga uifukuzie fimbo chini kama unafagia ngazi. Fimbo namba 7 hapo inakuwa kama namba 5 au 6: mpira unatoka chini na hausimami unapotua. Ndiyo maana ukiwa umesimama kwenye mteremko unaoshuka, bwawa liko mbele ya grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo), na grini yenyewe ni fupi, usijaribu. Weka mpira kabla ya maji, vuka na weji pigo linalofuata.

Sasa umbali. Kigali iko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbele zaidi kwa takriban asilimia 6 kuliko Dar. Fimbo yako ya meta 140 inakuwa karibu 148. (Kigoma kwenyewe ni kama asilimia 3.) Juu ya hapo, kila meta 10 za kupanda kati yako na shimo zinakula takriban umbali wa fimbo moja (tofauti kati ya namba moja na inayofuata), na kushuka kunakurudishia karibu hivyo hivyo. Hakikisha pia kadi ya uwanja imeandikwa kwa meta au yadi: yadi 150 ni meta 137, tofauti ya fimbo nzima.

Jambo linalowaumiza watu wa kwetu ni kujua umbali wa jumla badala ya umbali wa angani. Kiangazi ardhi ya Kigoma au Tabora ni ngumu kama sakafu, mpira unaweza kubiringika meta 20 au 30 baada ya kutua. Bwawa halijali kubiringika. Pima mpira unapotua, siyo unaposimama. Kisha hesabu hadi ukingo wa ng'ambo na uongeze meta 10. Kama kwenye mipira 10 ya mazoezi huvuki 8, pigo hilo bado si lako.

Upepo wa ziwa wa mchana unaujua. Wa bondeni ni tofauti: unafuata bonde, na bendera iliyojificha nyuma ya kilima inaweza kulala kabisa wakati mpira ukivuka usawa wa miti unasukumwa. Tazama vilele vya miti, achana na bendera.

Sheria, kwa sababu hapa ndipo mikwaju (mapigo yanayohesabiwa) inapotea bure. Mpaka wa eneo la maji huwekewa vijiti. Viwe vya njano au vyekundu, mpira ukiingia humo adhabu ni mkwaju mmoja. Vyote vinakuruhusu kurudi ulikopigia, au kurudi nyuma kwa mstari unaotoka shimoni kupitia pale mpira ulipovuka mpaka mara ya mwisho. Vyekundu vinaongeza njia ya tatu: kudondosha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipovuka, bila kusogea karibu na shimo. Fimbo ya kupimia ni ndefu kuliko zote mfukoni, isipokuwa ile ya kusukumia mpira kwenye grini.

Angalia mfano wa mlimani. Mpira umevuka bwawa, umetua nje ya vijiti upande wa grini, mteremko umeurudisha majini. Umevuka mpaka mara ya mwisho upande wa grini, kwa hiyo kama vijiti ni vyekundu unadondosha huko huko, mradi kuna mahali pasipo karibu zaidi na shimo. Vijiti vya njano, unarudi nyuma ya maji. Lakini mpira uliotumbukia hatua moja kabla ya ukingo wa ng'ambo haukuvuka mpaka wa ng'ambo. Pointi yako ya kupimia iko upande uliotoka. Watu hugombana sana hapa, wakionyesha viputo kwa kidole. Mahali ulipotumbukia hapana kazi.

Dondosha kutoka usawa wa goti. Ukibiringika nje ya eneo lako, dondosha tena. Ukitoka tena, uweke kwa mkono pale ulipogusa ardhi mara ya pili. Je, ukishasimama halafu ukaporomoka wenyewe majini? Mchezaji wa Marekani Rickie Fowler alipata hivyo kwenye mashindano ya Phoenix mwaka 2019 na akaongezewa mkwaju. Tangu 2023 sheria imebadilika: mpira uliodondoshwa au kuwekwa, ukatulia, kisha ukahamia eneo jingine la uwanja wenyewe, unarudishwa bila adhabu.

Kuutafuta mpira ni dakika 3 tu. Kuuingilia bwawani sikushauri, na mtu anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika hahitaji kuelezwa kwa nini.

Grini za mlimani zinadanganya macho. Unaona tambarare, kumbe imelala pamoja na mlima mzima. Isome ukiwa bado meta 50, ambako mlima unaonekana wote, siyo ukiwa umechuchumaa juu yake. Lenga upande wa juu, mpira ushuke wenyewe kuelekea shimoni, na kedi (mbeba fimbo wako) akikwambia mpira unakata kona zaidi ya unavyoona, mwamini.

Kabla ya safari tafuta mteremko wenye nyasi hapo Kigoma, usio na nyumba wala njia ya watu chini, piga mipira ya plastiki 10 kwa kila msimamo kati ya hiyo minne. Viatu viwe vya meno. Na kitoroli ukikiegesha, kikingame mteremko, kisitazame bwawa.