Watoto 20 na hakuna mpira wala kamba, anza na nyama nyama

Dada usiwaze, umesema Jumamosi una watoto 20 uwanjani na hamna hata mpira, mbona watafurahi tu. Anza na nyama nyama. Wasimame duara, unaita "nyama nyama nyama!" wanaruka wanajibu "nyama!", unataja mbuzi wanaruka, kuku wanaruka, unaongeza spidi alafu ghafla unatupia "paka!", aliyeruka katoka. Mambo yote ni spidi aisee, ukienda polepole wanaboreka. Nguruwe usimtaje kama una dini mchanganyiko, mimi mchezo ulisimama kabisa wakabaki kubishana.

Wakichangamka weka paka na panya, wanashikana mikono, panya ndani paka nje, duara inamfungulia panya njia na kumbania paka. Ila wadogo wakimbizane na wadogo wenzao.

Jua likiwa kali kaeni kivulini mtegeane vitendawili, wakishindwa wampe mtegaji mji, aseme alivyofika huko ndo atoe jibu. Na tafadhali yule mpole anayejibanza pembeni mpe ategee wa kwanza, nilishaona binti asiyeongea kabisa, alivyopewa Zanzibar akakaa wima, akanyoosha shingo, akasema "nilipofika Zanzibar..." na wote kimya wanamsikiliza.